Mzizi Uliopinda

Kila siku akitoka shule, kabla hata hajavua viatu, Chapuchapu alipita nyuma ya nyumba kuangalia kitalu. Kitalu kilikuwa cha mama yake, na ndicho kilichowalisha. Juu kulikuwa na kichanja cha nyasi cha kuleta kivuli, maana mbuni, yaani mti wa kahawa, ni mti unaopenda kukaa chini ya miti mikubwa. Mche wake mchanga ukipigwa na jua kali siku nzima, majani huungua. Chini ya kichanja ilipangwa miche, kila mmoja ndani ya kiriba chake, ule mfuko mwembamba wa plastiki nyeusi unaojazwa udongo na samadi. Chapuchapu aliimwagilia, akang'oa magugu, akageuza majani kutafuta wadudu waliojificha.

Jina hilo alipewa na mjomba wake, kwa kuwa mtoto yule alikuwa mwepesi ajabu. Ukimtuma dukani, hujakaa vizuri amesharudi, ingawa pengine amekuletea chumvi badala ya sukari. Binamu yake, mtoto wa mjomba huyohuyo, aliitwa Polepole. Huyo akianza kuosha sahani moja, unaweza kwenda sokoni ukanunua unachotaka na kurudi ukamkuta nayo mkononi. Watu wote walimtania, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Chapuchapu.

Sasa tuseme ukweli kuhusu ile miche. Mbegu zilipoota kwenye tuta la mchanga, zikatoa vimiche vyembamba kama njiti za kiberiti, ilifika siku ya kuvihamishia kwenye viriba. Mama aliwakalisha watoto wote wawili kivulini, akawaonyesha.

"Toboeni shimo kwa kijiti, liende chini kabisa," alisema. "Mche una mzizi mkuu mmoja, mrefu. Tumbukizeni, halafu uvuteni juu kidogo ili mzizi unyooke, ndipo mkandamize udongo. Mzizi usikunjwe hata kidogo. Mmenielewa?"

"Ndiyo, Mama," alijibu Chapuchapu.

"Tumeelewa, Shangazi," alisema Polepole.

Mama akaenda kuchota maji. Safu ya kwanza Chapuchapu aliifanya kama alivyoelekezwa. Mara akasikia wenzake nje ya uzio wakimwita kwenda kuruka kamba. Basi, kijiti akakiweka kando. Akawa anatoboa kwa kidole, kishimo kifupi tu, anaushindilia mche ndani, mzizi unajikunja, anafunika. Juu vimiche vilisimama wima kama kawaida. Nani atafukua aone?

"Hutumii kijiti," Polepole alimwambia.

"Wewe endelea kubembeleza mche wako, usije ukalia," Chapuchapu alimjibu. Akamalizia safu zake za nyuma zote kwa kulipua, akanawa mikono, akakimbilia kamba.

Mama aliporudi alistaajabu. "Mwenzako amemaliza zamani, na wewe bado uko hapohapo?" alimwuliza Polepole. Polepole aliinamisha kichwa akaendelea na kazi. Hakumsema binamu yake.

Miezi ikapita. Miche yote ilinawiri, ya mwepesi na ya mzito, wala hukuweza kuitofautisha. Kila mteja aliyeingia, Mama alimwonyesha safu za bintiye kwa majivuno. "Hizi kapanda huyu, peke yake, tena kwa nusu ya muda." Chapuchapu alikuwa anavimba kichwa, na ile habari ya kijiti alikwishaisahau kabisa.

Mpaka siku Mjomba alipong'oa mbuni mmoja uliokuwa kando ya kitalu. Mti huo ulikuwa mkubwa, umebeba matunda, lakini majani yalikuwa yamegeuka manjano na kunyong'onyea. Mjomba alichimba, akautoa, akautingisha udongo. Mzizi mkuu ulikuwa umejikunja kama ndoano.

"Si unaona?" alimwambia Mama. "Aliyetuuzia alikuwa na haraka zake. Mti kama huu haufi mapema ukajua moja. Unakua, unapendeza, unakudanganya. Siku unapobeba matunda ndipo unaposhindwa kujilisha. Umeutunza miaka yote hiyo bure."

"Mtu wa hivyo hana haya," alisema Mama.

Chapuchapu alikuwa amesimama nyuma yao na keni ya maji. Hakutambua kwamba imeinama na kwamba maji yanammwagikia miguuni. Uso ulimwaka moto. Mtu wa hivyo alikuwa yeye.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Mara nyingi alimfuata Mama jikoni amweleze, akifika anaishia kuuliza habari za chumvi. Mteja akisifu miche yake, alitamani ardhi ipasuke immeze. Hata kumcheka Polepole alishindwa. "Unaumwa?" Mama alimwuliza. Alisema haumwi, na hilo nalo likawa la kuonea haya, kwa sababu Mama alimwamini.

Mvua zilipoanza akaja Bibi Mshonaji. Mama mzee huyo alikuwa akiwashonea watoto wa mtaa mzima sare za shule, na Chapuchapu alizoea kumwita bibi ingawa hawakuwa na undugu. Alikuwa ameng'oa mibuni yake iliyozeeka na alitaka miche mipya.

"Nipe ile ya mjukuu wangu, Chapuchapu," alimwambia Mama. "Mtoto mwepesi huwa na mkono mzuri."

Mama akacheka, akakubali. Mjomba na watoto wakaipakia miche kwenye mkokoteni, safu kwa safu. Chapuchapu alipakia akiwa ameinamisha uso, na kila kiriba alichokishika kilimkumbusha kidole chake mwenyewe.

Nyumbani kwa Bibi, chini ya miti yenye kivuli, mashimo yalikuwa tayari. Alikuwa ameyachimba mwenyewe, moja moja, akipumzika na kurudi. Wakati Mjomba na Polepole wakishusha viriba, Bibi alimwita Chapuchapu ndani. Chumba kilikuwa na cherehani dirishani, sare zisizokamilika kwenye kamba, na vipande vya vitambaa vya bluu vimetapakaa sakafuni.

"Nitungie uzi kwenye sindano, mjukuu wangu. Mimi tundu silioni tena."

Chapuchapu alitunga.

"Ahsante. Unajua, hii kazi nimebakiza kidogo tu. Macho yananiaga. Ndiyo maana napanda kahawa upya, angalau nikishindwa kushona nisiwe mzigo wa mtu. Na kwa miche yako ile, sina wasiwasi."

Mtoto alisimama na sindano mkononi. Aliwaza yale mashimo. Akawaza Bibi haoni, cherehani imefunikwa, na mibuni nje inageuka manjano.

"Bibi, usiipande," alisema.

"Kwa nini?"

"Mizizi yake nimeikunja. Nilikuwa nawahi kwenda kucheza." Akaanza kulia, tena kile kilio cha kwikwi ambacho mtu hawezi kukificha.

Bibi aliinuka. Alimshika mkono, wakatoka nje, akamweleza Mjomba. Mjomba aliguna. Akachukua kiriba kimoja kilichokuwa karibu, akakichana kwa kisu, akapangusa udongo. Mzizi ulikuwa umenyooka sawasawa.

"Mbona uko vizuri?" alisema Mjomba. "Ulikuwa unajitisha bure. Haya, tupande, mvua hiyo."

Wote walimtazama. Njia ya kutokea ilikuwa hiyo hapo, wazi, na Mjomba ndiye aliyeifungua. Chapuchapu angenyamaza tu, yangekwisha. Hata Polepole aliyejua kila kitu alikuwa anatazama chini, kama siku ile.

"Huo ni wa safu ya kwanza, Mjomba," alisema. "Chana wa safu za nyuma."

Mjomba akachana wa nyuma. Mzizi ulikuwa umejikunja ukajirudia. Akachana mwingine, vilevile. Kila kiriba kilichochanwa kilimwuma Chapuchapu kuliko fimbo.

Mama aliitwa. Alifika, akaitazama ile mizizi, akamtazama bintiye. "Na mimi niliyekuwa nakusifia kwa watu," alisema kwa sauti ndogo. "Huu haunyooki tena. Umeshakomaa hivyo."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nitakusamehe. Kwanza mwangalie binamu yako. Nilimsema kwa uvivu kwa sababu yako."

Chapuchapu alimgeukia Polepole. Maneno hayakutoka vizuri, lakini yalitoka: kwamba alimdharau, na kwamba Polepole ndiye aliyekuwa anafanya kazi. Polepole alijikuna kichwa. "Ningekusema ungenichukia," alisema.

Ikabidi Mama aamue. Miche ya Polepole ilikuwa imewekwa kwa ajili ya shamba lao wenyewe. Mama alisema apewe Bibi, na wao wasubiri mbegu mpya. "Na kuanzia tuta la mchanga mpaka viriba," alimwambia bintiye, "ni kazi yako. Kwa kijiti. Nami nitakaa pembeni nikitazama."

"Ndiyo, Mama."

Mjomba alianza kurudisha viriba kwenye mkokoteni. Chapuchapu akamsaidia bila kuinua macho, akidhani Bibi hataki hata kumwona tena mlangoni kwake.

"Kesho uje tupande," alisema Bibi Mshonaji.

"Nani, Bibi? Polepole?"

"Polepole atapanda. Wewe utakagua. Mche wowote usioridhika nao, uuweke kando."

"Lakini mimi ndiye niliyeharibu."

"Najua. Na ningepanda leo, nikamwagilia, nikangoja miaka, nisijue kamwe kosa lilikuwa wapi. Hukukamatwa na mtu, na mjomba wako alipokupa nafasi ya kunyamaza, uliikataa." Bibi akaichukua ile sindano ambayo mtoto alikuwa ameichomeka kwenye nguo yake, uzi ukining'inia. "Kazi ya mikono mtu huiona juu tu. Ya ndani anayeijua ni aliyeifanya. Sasa mimi sioni vizuri, mjukuu wangu. Nahitaji mtu atakayeniambia kilichomo ndani hata kama kinamtia aibu. Uje mapema."