Kodi ya Lumir, Kituo cha Emil

Emil Kozisek huamka kabla ya kaka yake. Huvaa kofia, hushika mkate wake wa nyama na kabichi, kisha hukaa dirishani kungoja gari la kituo. Alizaliwa na ulemavu wa akili, na sasa ana mvi. Kituoni, mahali wanaposhinda watu wenye ulemavu kama wake, hukunja taulo za hospitali, hucheza karata, hurudi jioni na habari tele.

Kaka yake, Lumir, ni mkulima wa mahindi. Kama wakulima wengi wa huku kwetu Nebraska, kinachomkosesha usingizi ni kodi ya ardhi. Mahindi yapate bei yasipate, kodi iko palepale. Majira ya baridi mwaka mmoja, mswada wa kuipunguza ukapelekwa katika bunge la jimbo. Lumir akachomeka bango mbele ya nyumba: PUNGUZENI KODI. Mswada wenyewe hakuusoma. Nani husoma miswada?

Asubuhi moja dereva wa kituo alimpa Lumir habari bila kuzima injini. Mswada ukipita, kituo kitafungwa mwezi wa saba. Watu kama Emil, wasio na wa kushinda nao nyumbani, watapelekwa kwenye nyumba kubwa ya malezi, mwendo wa saa nne kwa gari.

Siku ile Lumir hakutulia. Alianza kutengeneza trekta, akaiacha. Alipiga simu Washington, kwa mbunge wa taifa, akasubirishwa, akakata, akapiga tena. Mwishowe alivuka barabara kwenda kwa Marvella, jirani aliyewahi kukaa kwenye baraza la kaunti. Mama huyo ulimi wake haumwogopi mtu.

"Washington?" Marvella alicheka. "Lumir, umebisha mlango siyo. Kituo cha Emil kinalipwa na jimbo. Bajeti yake inapangwa hapa hapa jimboni, kwenye bunge letu kule Lincoln."

"Sasa kituo kinahusu nini na kodi ya shamba langu?"

"Kinahusu sana. Kodi yako ndiyo inayolipa shule zetu na kaunti. Ikipungua, shule zitapata wapi hela? Mswada unasema jimbo litajaza pengo. Na jimbo haliruhusiwi kupanga matumizi makubwa kuliko mapato yake. Likitoa huku, lazima likate kule. Wamekata vituo."

Lumir aligeuka akalitazama bango lake ng'ambo ya barabara. "Kwa hiyo bango langu ndilo linamhamisha Emil."

"Bango halihamishi mtu, ndugu yangu. Kura ndizo zinahamisha, na wabunge bado hawajapiga."

Akamweleza kwamba huku kila mswada husikilizwa hadharani mbele ya kamati, na mwananchi yeyote anaweza kusema. Haihitaji wakili wala suti. Unasema wewe ni nani, mswada utakufanya nini, na unataka wabadilishe nini. Kisha akamwonya asiwatukane waheshimiwa, na asiwapelekee ile "hatujambo" yetu. Maana sisi watu wa huku tuna ugonjwa: hata nyumba ikiungua, ukituuliza, tutasema si mbaya sana.

Siku ya kusikilizwa, ndugu hao wawili walikwenda Lincoln. Lumir alipoulizwa anaunga mkono au anapinga, alijibu kwamba ni vyote viwili. Akaandikwa upande wa kati. Zamu yake ilipofika, alikwenda mbele ya kamati akataja jina lake.

"Nataka kodi yangu ipungue," alisema. "Lakini sitaki ndugu yangu ahamishwe."

Mheshimiwa mmoja akamuuliza kwa upole kama familia ingeweza kujimudu bila kituo.

Jibu la baba yake lilikuwa tayari ulimini: tutajitahidi. Ndivyo walivyojibu watu wa ukoo ule tangu zamani. Lumir alimtazama Emil, aliyekuwa ameshika kofia kwa mikono yote miwili.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Hatutaweza. Punguzeni kodi kidogo kidogo, kila mwaka, kadiri mapato yanavyoruhusu. Msikate kwa huyu."

Hakuwa peke yake. Watu wa kaunti nyingine nao walisema, wengine wakilia, wengine wakidai punguzo lote mara moja. Kamati ilibishana wiki kadhaa, na Lumir akakonda. Hatimaye mswada ulirekebishwa, ukapita. Kodi ingeshuka polepole, na vituo vingebaki.

Si wote waliofurahi. Jumapili, baada ya ibada, mkulima mwenzake Otakar alimzuia penye kahawa.

"Umenigharimu, Lumir. Mimi nililitegemea punguzo lote mwaka huu. Nitauza ng'ombe."

"Najua. Hata mimi nililitegemea."

"Na mwakani utanifanyia hivi hivi?"

"Mwakani wanasikiliza tena. Njoo useme yako, nami niseme yangu. Ila safari hii tuusome mswada wote kwanza."

Otakar alikoroga kahawa yake muda mrefu, uso umemkunjamana.

"Lincoln ni mbali," alisema. "Tutakwenda na gari la nani?"