Kura Iliyomwangukia Mahlon

Mahlon Riehl alikutwa amelala chali kwenye sakafu ya zizi, shingo imepinda upande ambao shingo haipindi, na ng'ombe wake wanane hawajakamuliwa. Mkewe Lavina ndiye aliyemkuta. Alikwenda kumwita, mayai yanapoa mezani.

Inspekta Lorna Petersheim alipofika saa moja ya asubuhi hiyo ya Jumanne, vigari vya farasi kumi na vinne vilikuwa vimemtangulia. Wanaume walishaanza kukamua. Wanawake walishashika jiko. Hakuna aliyelia kwa sauti, na Lorna hakushangaa. Alizaliwa maili mbili kutoka hapo, kwa watu hawa hawa wa Amish, Wakristo wasioendesha magari na wanaomtenga anayewaacha baada ya ubatizo; yeye akaondoka kabla ya kubatizwa. Ndiyo maana hakuna aliyemtenga. Wala hakuna aliyemchangamkia.

"Ameanguka kutoka darini, kupitia tundu la kudondoshea majani," alisema daktari wa polisi, akiinuka kutoka kwenye maiti. "Futi kumi na mbili. Amekufa papo hapo, kwenye saa kumi na moja na nusu alfajiri."

"Hili ni ghala la baba yake," alisema Lorna. "Amecheza humu tangu utotoni. Mtu haanguki hivi hivi kwenye tundu la kwao."

Akapanda ngazi hadi darini. Mfuniko wa tundu ulikuwa umefichwa nyuma ya marobota ya majani makavu. Kwenye kingo za tundu palikuwa na misumari midogo, na kwenye misumari vipande vya uzi uliokatika. Mtu alikuwa ametanda nyuzi juu ya tundu, akazitandikia majani: ya kutosha kuficha shimo, si ya kubeba mwanamume.

Uzi ulikuwa mweusi, uliopakwa nta. Lorna akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akateremka kwenda jikoni.

Lavina alikuwa ameketi wima, mikono mapajani.

"Alikuwa anafanya nini juu, alfajiri yote ile?"

"Akijifunza kuhubiri." Lavina hakuinua macho. "Kura ya kumpata mhubiri ilimwangukia, wiki iliyopita Jumapili. Jumapili ijayo ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kusimama. Kwetu hakuna kuandika, unajua. Unasimama, unasema. Aliogopa mno. Basi kila alfajiri anapanda juu, anatembea huku na huku amefumba macho, anayahubiria majani."

"Nani alijua?"

"Hakuna. Angeona haya. Mimi nilimsikia nikiwa chini, nikanyamaza."

"Kuna mtu alikuwa na kinyongo naye?"

"Usiniulize hayo, Lorna. Sisi hatushtaki mtu."

"Si wewe unayeshtaki. Ni serikali."

"Basi serikali ikamuulize mwingine."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na karakana ya Enos Riehl, kaka mkubwa wa marehemu, fundi wa hatamu na matandiko ya farasi. Ndugu wote walikuwa zizini au jikoni. Enos alikuwa anashona.

"Ahaa, Lorna binti Sylvan!" alisema bila kusimama. "Kofia ya wanawake wa kwetu umeiacha wapi?"

"Kwa mama. Pole na msiba, Enos."

"Mapenzi ya Mungu."

"Mara ya mwisho ulimwona lini?"

"Juzi, Jumapili. Hapa kwangu."

"Na ghalani kwake?"

"Sijatia mguu mle tangu kiangazi."

Lorna akaegemea meza. "Nasikia angekuwa mhubiri mzuri."

Enos akacheka kwa puani. "Mzuri! Anafumba macho kama kuku mgonjwa. Habari ya Ibrahimu anairudia mara tatu, bado anaikosea."

"Ulimsikia wapi?"

"Ibadani. Wapi tena?"

"Hajawahi kusimama ibadani, Enos. Ni Jumapili ijayo."

Sindano ikakwama kwenye ngozi. Lorna akatoa ule mfuko, akauweka kando ya kigurudumu cha uzi mezani. Weusi ule ule. Nta ile ile.

"Maabara italinganisha. Na mfuniko una alama za vidole. Niambie wewe kwanza."

Enos akaichomoa sindano, akaiweka chini. Kisha maneno yakatoka yote pamoja, kama aliyeyabana miaka.

"Hii ilikuwa mara yangu ya tatu kuingia kwenye kura. Ya tatu! Vitabu saba vya nyimbo mezani, kijikaratasi kimo ndani ya kimoja. Mimi mkubwa, nikatangulia. Nikaweka mkono juu ya kile cha mwisho. Nilikigusa, Lorna! Nikajiambia, usionekane una tamaa, chukua cha katikati. Nikakiacha nilichokigusa. Mahlon akaja nyuma yangu, akakichukua kile kile."

"Akakikuta kijikaratasi."

"Akalia! Kama mtoto aliyechapwa. Watu wakamkumbatia, ooh maskini, mzigo mzito. Mzigo wangu ule! Na kuutaka hairuhusiwi. Ukisema unautaka, umeshaukosa. Ningemwambia nani?"

"Ukawa unakwenda kumsikiliza."

"Kila alfajiri, nimejibanza na ng'ombe. Nilitaka kumsikia akiharibu. Na mwanzoni aliharibu kweli." Akajifuta uso kwa kiganja. "Jana akasema vizuri. Vizuri kiasi kwamba nililia, mle mle kwenye samadi. Jioni walipokuwa mezani, nikachukua uzi."

Konstebo aliyekuwa akingoja mlangoni akamfunga pingu. Walipomtoa, Lavina alikuwa amevuka barabara, ameletwa na kelele ya redio ya gari la polisi. Akamtazama shemeji yake, akaitazama pingu. Hakuhitaji kuambiwa.

Akasogea hadi mbele yake.

"Nimekusamehe, Enos. Leo nimesema kwa mdomo tu. Kesho nitasema tena."

Enos aliinamisha kichwa. Lorna alimfungulia mlango wa gari, akimsubiri ajibu, aombe radhi, alitaje jina la mdogo wake.

"Nafasi yake," alisema Enos, "watapiga kura lini?"