Mshono Chini ya Gari

Duka la spea mjini Migori lilikuwa limejaa watu siku hiyo. Bodaboda walipiga honi mlangoni, wateja wakapaaza sauti kuitisha vitu vyao. Muuzaji aliweka juu ya kaunta sensa moja ya presha, ile inayopima moshi unavyopita kwenye chujio la gari la dizeli, na mikono miwili ikaifikia pamoja.

"Achilia," alisema Nyasuguta.

Alikuwa fundi wa magari, amevaa ovaroli ya buluu, kitambaa cha manjano kichwani na hereni ndogo masikioni. Aliyeshindana naye alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limenyooshwa kwa pasi, viatu vinang'aa.

"Dada, nimetoka Homa Bay sababu ya hii sensa. Una uhakika unaihitaji? Labda chujio ndiyo imejaa."

"Nimezima injini na mashine ya kupimia bado inasoma presha. Ni moshi gani unapita kwa injini iliyozimwa? Sensa inadanganya. Wewe umepima nini?"

Kijana hakuwa amepima chochote. Aliachilia.

"Naitwa Zablon. Niko na gereji."

"Basi rudi ukapime mipira ya hiyo sensa, Zablon. Labda imepasuka tu."

Jioni simu ya Nyasuguta ililia.

"Namba nimepewa na mwenye duka. Mpira ulikuwa umepasuka kweli, jaber."

"Jaber ni nini?"

"Mrembo, kwa Kijaluo."

"Nilijua. Nilitaka tu useme tena."

Wakapendana. Alimfuata Homa Bay wakala samaki ufuoni, naye Zablon akawa haishi kuja Migori. Walibishana kuhusu magari mpaka chakula kikapoa. Jambo moja tu hawakubishania. Ili gari lipate nguvu, gereji nyingi zilikuwa zikikata chujio, zikikung'uta vya ndani, kisha zikiidanganya kompyuta ya gari ili taa ya onyo isiwake. Nyasuguta, ambaye mama yake alikuwa na pumu, alichukia kazi hiyo kama uchafu.

"Mimi sikati, hata mtu alie," alisema.

"Hata mimi," alijibu Zablon.

Wazee wa Zablon walikuwa wamepanga kuja kumposa Nyasuguta wakati Jumamosi moja, njiani kwenda kanisani, Mama Helen, mama yake Nyasuguta, alipoishiwa pumzi ndani ya gari la mumewe, Mzee Momanyi. Alifikishwa hospitali midomo ikiwa ya kijivu, akawekewa oksijeni.

Alipomwona mama yake anapumua, Nyasuguta alitoka nje akalala chini ya gari, na gauni lake jeupe la Sabato. Alikuwa amemwambia baba yake kwamba gari lile linakosa nguvu kwa sababu ya sensa, na kwamba sensa mpya iko njiani. Sasa aliona chujio limekatwa, likachomelewa tena. Mshono ulikuwa umepasuka sehemu moja, na moshi ulikuwa ukipandia hapo kuingia ndani ya gari. Ulikuwa mshono mwembamba, umelala vizuri kama magamba ya samaki wa ziwani, ngege. Fundi mmoja tu aliyemjua alichomelea hivyo.

Akampigia simu. "Zablon, umekata chujio ya Baba?"

"Jaber, ngoja nikueleze..."

"Usiniite jaber! Mama yuko na oksijeni kwa pua, na wewe unataka kunieleza?"

"Yawa! Mama? Mzee alikuja mwenyewe, akasema amechoka kungoja. Akaniambia nisikwambie. Ningemkataliaje mzee ninayetaka kumwomba binti?"

"Kwa kusema hapana! Mimi unaniambia hapana siku nzima! Alikuwa anatafuta mtu wa kunipinga, akakupata wewe. Mlinicheka?"

"Hakuna mtu alikucheka."

"Wazee wako wasije." Akakata simu.

Mzee Momanyi alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. "Mwanangu, ni mimi nilimlazimisha."

"Najua, Baba. Na wewe pia sijamalizana na wewe."

Asubuhi iliyofuata Zablon alifika Migori akiwa na ovaroli chakavu na chujio zima alilotoa kwenye gari lililopata ajali. Nyasuguta hakumsalimia. Alimpokonya chujio, akalikagua, akaingia chini ya gari. Walifanya kazi bega kwa bega bila neno, spana zikitupwa chini kwa kishindo. Nyasuguta alifunga sensa mpya, iliyokuwa imefika, akaitambulisha kwa kompyuta ya gari. Injini ikiwa imezimwa, mashine ilisoma sifuri.

Ilibidi gari likimbizwe ili masizi yaungue ndani ya chujio. Zablon akashika usukani wakaelekea Rongo, Nyasuguta akitazama mashine mapajani. Kisha akamgeukia.

"Unajua kilichoniuma? Kila jioni ulinipigia simu, tukacheka, na ulikuwa unajua!"

"Niliogopa. Mzee akinikataa, nitakukosa. Ndiyo nikafanya kitu ya kukukosa kabisa."

"Mama angekufa, Zablon!" Machozi yalimtoka, na hayo pia yakamuudhi. Aliyafuta kwa mkono wenye grisi. "Wazee wako waje. Lakini utamwambia Mama mwenyewe, mbele yao wote."

"Nitasema."

Mama Helen aliporudi nyumbani, wageni walikuja kutoka Homa Bay. Kabla soda hazijafunguliwa, Zablon alisimama, koti limembana mabegani, jasho linamtiririka.

"Mama, ule moshi ulikuwa kazi ya mikono yangu. Nilijua ni makosa, nikafanya."

Wajomba zake waliinamisha vichwa. Mzee Momanyi naye akasimama. "Kwa amri yangu," alisema.

Mama Helen aliwatazama wote wawili. "Nimesikia. Kaeni, chakula kinapoa."

Ndipo mjomba mmoja akauliza kama binti anamkubali kijana huyu. Nyasuguta alisimama, gauni la zambarau limempendeza, uso umekunjamana.

"Nakubali. Lakini bado nimekasirika."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Zablon naye hakucheka.

"Basi njoo ukasirikie kwetu, jaber," alisema polepole.

Nyasuguta alimkazia macho. Kisha akasogeza kiti chake karibu na cha Zablon, akaketi, bado amenuna.