Maziwa ya Gaju

"Dada, umekalia maziwa ya watu!"

Umulisa aliruka kama aliyechomwa na sindano. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili, Bukoba hadi Rusumo na Rusumo hadi Kigali, miguu imevimba, na pale kituo cha mabasi cha Remera hapakuwa na hata jiwe la kukalia. Watu walijaa tele: waliorudi kutoka Uganda na magodoro kichwani, waliorudi kutoka Burundi na masanduku, askari, wauza ndizi, na wanawake waliosimama kimya wakisoma majina yaliyobandikwa ukutani. Ilikuwa Desemba ya mwaka 1994. Kila mtu mjini alikuwa ama anamtafuta mtu, ama anaogopa kuulizwa habari za mtu. Katika msongamano huo Umulisa aliona mkebe mkubwa wa aluminiamu wenye kifuniko, akaukalia.

Mwenye mkebe alikuwa kijana mrefu, shati lake jeupe limepigwa pasi vizuri, suruali yake imeshonwa kwa ajili ya mtu mnene kuliko yeye na kukazwa kwa mkanda. Alijitahidi kukasirika, lakini macho yalikuwa yameshamsaliti.

"Samahani, kaka. Nilidhani ni mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa! Mama yangu akisikia hiyo atalia wiki nzima. Huku mutu hakalii maziwa, madamu. Hata mutoto iko anajua."

"Mimi ni mgeni."

"Mugeni na sura hii? Wewe Munyarwanda kabisa."

"Wazazi wangu ndio Wanyarwanda. Mimi nimezaliwa Bukoba, Kinyarwanda changu ni cha kuombea maji tu."

"Basi tuongee Kiswahili. Mimi nilijifunza kwa rori, Kampala mpaka Mombasa, miaka sita. Jina ni Shyaka. Unaenda wapi?"

Akamwonyesha karatasi: mafunzo ya kutengeneza jibini, siku nane, ukumbi wa shule nyuma ya uwanja wa Amahoro. Shyaka aliisoma, akacheka mpaka wauza ndizi wakageuka.

"Maziwa uliyokalia ndiyo unaenda kupika. Mimi ndiye naleta. Haya, shika upande huu, tubebe."

Hivyo ndivyo Umulisa alivyoingia darasani siku ya kwanza, gauni lake la kitenge cha njano limekunjamana, ameshika mpini mmoja wa mkebe na mwanamume asiyemjua ameshika wa pili. Wanawake tisa waliokuwa wameshafika walitazamana. Mambo kama hayo hayahitaji kuelezwa.

Mwalimu aliitwa Silvère, mzee mfupi kutoka Masisi, ng'ambo ya Goma, aliyetengeneza jibini tangu ujana wake. Kuta za ukumbi zilikuwa na matundu ya risasi na madirisha yamezibwa kwa plastiki, lakini yeye alifundisha kana kwamba yuko kwenye jiko la mfalme.

"Moto kidogo, ba mama. Povu ikianza kutoka kando-kando, toa. Ndimu, pole pole. Sasa muache! Usikoroge kama bugali, iko inavunjika."

Umulisa alipenda dakika ile maziwa yanapojigawa: mabonge meupe juu, maji ya kijani-njano chini. Waliyachuja kwa kitambaa, wakatia chumvi, wakafunga, wakayatundika kwenye nondo za dirisha yadondoke. Ukumbi mzima ulinuka ndimu na maziwa ya moto. Kule Bukoba akina mama kumi na wawili wa kikundi chao walikuwa wanamsubiri arudi na ujuzi huo, na yeye alikuwa amewaahidi kwamba hatapoteza hata siku moja. Hakuwaambia kuhusu moyo kwa sababu hakujua kama moyo nao ungesafiri.

Maana Shyaka, akishaleta maziwa asubuhi, alikuwa haondoki. Aliosha mikebe mara mbili. Aliulizia afya ya kila mwanamke. Mwisho alisimama kando ya sufuria ya Umulisa.

"Jibini yako iko inafanana na wewe."

"Kwa weupe?"

"Kwa kunitoa maji."

"Ondoka hapa, mwalimu anatuangalia."

"Muzee Silvère iko kipofu wa jicho moja. Mimi nasimama upande wa hilo."

"Lile lingine ni zima," akasema Silvère bila kugeuka, na darasa zima likaangua kicheko.

Lakini Umulisa hakuwa mtu wa kucheka kwa muda mrefu. Asubuhi Shyaka akichelewa nusu saa, aliacha sufuria na kwenda mlangoni kutazama barabara. Njia ya kutoka Masaka, kijiji cha nje ya Kigali alikoishi Shyaka na mama yake, ilikuwa na vizuizi vya askari, na kandokando yake mashamba ambayo watu walikatazwa kukanyaga kwa sababu ya mabomu yaliyofukiwa. Kila jioni alimwambia, "Kesho uje mapema," na kila jioni alijiona mjinga. Alikuwa amempenda mtu wa siku tano. Alikuwa anaogopa kumpoteza kama mtu wa miaka mitano.

Siku ya sita, wakitembea kuelekea kituoni kabla jua halijazama, Shyaka alimshika mkono.

"Nimemwambia mama habari yako, mukundwa, mpenzi wangu."

"Akasemaje?"

"Alinyamaza."

"Kunyamaza kwa namna gani? Vizuri au vibaya?"

"Kwa mama yangu huwezi kujua. Ngoja."

Usiku huo Umulisa hakupata usingizi.

Alhamisi Shyaka alifika mbio, jasho linamtoka. Pikapu aliyopewa lifti ilikuwa inamsubiri huku inanguruma. Alimkabidhi mkebe wa darasa, kisha kutoka kwapani akatoa chombo kidogo cha mti, cheusi kwa kupakwa moshi, chenye kifuniko cha ususi kilichochongoka.

"Hii ni ya kwako. Ya ng'ombe yetu Gaju. Imetoka kwa mkono wa mama mwenyewe."

"Yangu peke yangu?"

"Yako peke yako. Nakuja mchana kuchukua chombo."

Akaondoka. Umulisa alifungua, akanusa maziwa mazito yenye harufu ya moshi, akajaa furaha. Kesho yake ilikuwa siku ya kila mwanafunzi kuonyesha jibini aliyotengeneza bila kusaidiwa, na tazama, mama mkwe mtarajiwa amemletea maziwa bora kuliko ya wote! Aliyamimina sufuriani, akayapasha moto, akakamua ndimu kwa upole kuliko siku zote. Yaliganda vizuri ajabu.

Shyaka aliporudi mchana, Umulisa alimwita kwa bashasha.

"Njoo uone maziwa ya mama yako!"

Alisogea. Akatazama kitambaa kinachodondoka. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyesomewa barua mbaya.

"Umetia kwa moto?"

"Ndiyo. Na ndimu. Angalia yalivyoshikana!"

"Haukukunywa? Hata kidogo?"

"Ningekunywa halafu kesho nionyeshe nini?"

Shyaka aliokota kile chombo cha mti, akakiweka kifuniko chake, akatoka. Umulisa alimfuata hadi mlangoni, "Shyaka! We Shyaka! Nimefanya nini?" Hakugeuka.

Ijumaa maziwa ya darasa yaliletwa na mtu mwingine. Jibini ya Umulisa ilisifiwa kuliko zote, na hakuna sifa aliyoisikia. Alimvuta Silvère pembeni.

"Mwalimu, Shyaka yuko wapi? Wamemkamata njiani?"

"Hapana, mama. Yeye iko nyumbani. Ule aliyeleta maziwa amesema Gaju imekatala kutoa maziwa toka jana jioni. Mama yake anasema ni kwa sababu maziwa yake ilitiwa kwa moto." Mzee alikuna kichwa. "Na maziwa ya ule chombo… mimi singepika."

Mara moja Umulisa alienda mjini, kwenye ofisi ya simu. Alisimama kwenye foleni kwa muda wa saa tatu. Laini ilipopatikana, sauti ya mama yake kutoka Bukoba ilikuja kwa mbali, imejaa mikwaruzo.

"Mama! Kuna kijana aliniletea maziwa kwa chombo cha mti!"

"Chombo cha mti? Chenye kifuniko cha ususi?"

"Ndiyo!"

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa mama yake!"

Mama akapiga kelele ya furaha. "Umulisa! Wamekukaribisha nyumbani kwao! Ulikunywa yote?"

"Nilitengeneza jibini."

Kelele ya furaha ilizimika.

"Mungu wangu. Mwanangu, maziwa ya namna hiyo yananywewa papo hapo. Kuyakataa ni kuikataa nyumba. Halafu ukayachemsha! Wazee wanasema ng'ombe anapasuka chuchu."

"Mbona hukunifundisha?"

"Ningekufundisha vipi, mwanangu, wakati kule kwenye kambi ya wakimbizi hatukuwa na hata mbuzi?" Sauti yake ilivunjika. "Kosa ni langu. Nenda ukaombe radhi. Nenda leo…"

Laini ikakatika.

Leo haikuwezekana, jioni ilikuwa imeingia. Jumamosi alfajiri Umulisa alipanda basi la Rusumo na begi lake, kama tiketi ilivyosema. Basi hilo lilipita njia panda ya Masaka. Alikaa ukingoni mwa kiti, akipigana na nafsi yake. Akishuka, atakosa basi, na hajui kama atapokelewa au atafukuzwa. Asiposhuka, atafika Bukoba na ujuzi wa jibini, na atajuta mpaka anazeeka.

"Dereva, shusha!"

Alipanda kilima kwa miguu, begi kichwani. Nyumba ilikuwa ndogo, ya udongo, na nyuma yake zizi la miti. Shyaka alikuwa anakata majani. Alipomwona, panga lilimponyoka.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kuomba radhi. Sikujua, Shyaka. Kwetu maziwa ni ya chai!"

"Nilifikiri umenikataa mbele ya watu."

"Ungesema! Neno moja tu, 'kunywa'!"

"Nani anamwambia mutu kunywa maziwa?"

"Mimi! Mimi ndiye wa kuambiwa! Mimi niliyekalia mkebe!"

Shyaka alifunika uso kwa mikono miwili. Umulisa alidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi yalikuwemo pia. "Siku mbili sijakula," akasema. "Nilikuwa naogopa utaenda."

"Basi limeshaenda. Mimi niko hapa."

Mama yake alitoka zizini. Aliitwa Pudentienne, mwanamke mrefu, kitenge cha buluu kiunoni, kitambaa cheupe kichwani. Alikimbia nchi hii mwaka 1961 akiwa msichana, akarudi miezi minne iliyopita na ng'ombe saba, na kati yao amebaki mmoja. Umulisa alipiga magoti chini kwenye majani.

"Mama, nisamehe. Nimemharibu Gaju."

Pudentienne alifuta mikono kwenye kitenge chake. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, akakitumia polepole.

"Simama. Gaju iko na ndama kwa tumbo. Miezi saba. Ng'ombe ya miezi saba inafunga maziwa. Mimi nachunga ng'ombe toka mutoto, nilijua."

Shyaka alishtuka. "Mama! Kumbe ulijua?"

"Wewe unajua rori tu." Kisha akamgeukia Umulisa. "Nilikutumia ile maziwa na moyo mweupe. Lakini chombo iliporudi, nilifurahi. Nikasema, vizuri, sasa Shyaka hatakufuata Bukoba. Nilikuwa na vijana wawili. Mukubwa alisema, 'Mama, nakuja,' akaenda vita. Sasa huyu ataenda Bukoba, atasema pia, 'Mama, nakuja.'"

Umulisa alitamani kuapa, lakini aliona kiapo kingekuwa utovu wa adabu mbele ya mama yule.

"Mama," akasema mwisho, "siwezi kumwambia asubiri, na siwezi kukaa. Kuna akina mama kumi na wawili wananingoja. Lakini na mimi nina mama, naye anangoja mtu wa kuja kuniposa. Ukikataa, nitaondoka peke yangu na sitakulaumu."

Pudentienne aliingia ndani. Walisikia sanduku likifunguliwa. Alitoka na koti la mwanamume, akampa Shyaka.

"Mupeleke. Muone mama yake, muambie tutakuja kuomba. Siku ngapi?"

"Siku kumi na moja," akasema Umulisa. "Nikishawafundisha tutarudi wote, Jumatano ya pili."

"Jumatano ya pili niko barabarani."

Na kweli, Jumatano hiyo Pudentienne alikuwa njia panda tangu asubuhi. Mvua ilinyesha, akakaa. Basi la kwanza lilipita bila kusimama. La pili likashusha mwanamke na kuku. Majirani walimsihi aende nyumbani, hakuwasikia. Saa kumi jioni basi la tatu lilipunguza mwendo, mlango ukafunguliwa, na Shyaka akashuka na lile koti mwilini.

"Mama!" Alifungua mikono.

Pudentienne hakumkumbatia. Alimsukuma kando kwa kiganja, akachungulia ndani ya basi.

"Yeye yuko wapi?" akauliza. "Shyaka, umemwacha wapi mutoto wangu?"

Umulisa alikuwa bado kwenye ngazi, anahangaika na begi. Alisikia, akaliacha begi humohumo.

"Niko hapa, mama," akasema, akashuka.