Nani Alimwitikia Mama Mdogo?

Nilikuwa nimevaa miwani, nimesimama uani kwa marehemu mama mdogo wangu, namsikiliza akiimba, nikisubiri anyamaze.

Akanyamaza.

Ndipo sauti ya Nadine ikamwitikia!

Jamani! Kimya kile nilikiacha kwa ajili ya mama yangu mzazi. Hakuna mtu mwingine aliyetakiwa kuingia pale.

Nikavua miwani. Kwenye skrini kubwa ya ukumbi wa mashindano ya muziki, hapo Kibondo, pameandikwa: MTUNZI: NADINE.

"Nadine, umefanya nini?"

"Dada Dorcas, tuongee nje..."

"Tuongee hapahapa!"

Wapendwa, niacheni niwaeleze taratibu, maana nimechoka hata kulia.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na nne, wa Heru Juu. Mchana nalima muhogo, jioni nasoma darasa la watu wazima Kasulu mjini. Hapo darasani ndipo ulipotukuta mradi wa wanawake watunzi wa muziki wa VR. Ni miwani mikubwa. Ukiivaa unajiona uko mahali pengine, na muziki unakuzunguka. Mtu akiimba nyuma yako, unageuka kabisa!

Wenzangu walikuja kutafuta maisha. Mimi nilikuja na jambo moja nililoliombea kwa kufunga: mama yangu amwitikie mdogo wake.

Mama mdogo Ininahazwe, mkimbizi kutoka Burundi walikozaliwa yeye na mama, aliishi kambi ya Mtendeli. Kabla kambi haijafungwa nilikwenda kumuaga, nikamrekodi kwa simu akiimba akazehe, yale maamkizi ya kuimba ya wanawake wa kwetu. Mmoja anaanza, mwenzake anaingia katikati, sauti zinasukana kama mkeka. Yeye aliimba upande wake tu.

"Hapa ninaponyamaza ni pa dada," aliniambia. "Mpelekee."

Akarudi Burundi. Akafia huko.

Mama yangu, Ndayikeza, aligoma kusikiliza.

"Mtu haamkiwi na simu, Dorcas. Maamkizi ni uso kwa uso."

Basi nikamtafutia huo uso kwa uso. Ndani ya miwani niliujenga ua ule upya: kuku kushoto, mvua juu ya turubai, mama mdogo anakuja akiimba mpaka anasimama mbele yako. Kila aliponyamaza, nikaacha kimya.

Nadine, binti wa miaka ishirini, ndiye aliyenisaidia kwenye kompyuta. Mikono yangu ya jembe ilikuwa mizito. Tulikula sahani moja. Nilimpa hadi nywila yangu...

Sasa pale ukumbini mwalimu wetu, Lukmani, akaja mbio.

"Dada Dorcas, tulia. Sauti ya Nadine imewekwa juu tu. Naiondoa sasa hivi, na jina narekebisha."

"Iondoe!"

Nadine akanishika mkono. "Dada, jina nisamehe. Lakini sauti... iache."

"Una kichaa? Unaniibia, halafu unanichagulia cha kunirudishia?"

Tukasikia mama mdogo anaimba kwenye spika. Nikageuka.

Jamani! Watu wa foleni ya miwani walikuwa wamempisha mama yangu, niliyekuja naye, na ameshavalishwa!

Akanyoosha mikono mbele, akashika hewa.

"Yoo... ni yeye."

Kimya kikafika. Mama akafungua mdomo. Sauti ya Nadine ikaingia kabla yake.

"We mtoto, toka! Zamu yangu hiyo!" mama akafoka, anapunga mikono kama anafukuza mbuzi.

Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mara ya pili, vilevile. Mara ya tatu mama hakufungua mdomo. Aliinamisha kichwa tu, akasikiliza mpaka mwisho.

Akavua miwani.

"Nani huyu anayeitikia?"

"Ni mimi, bibi," Nadine akasema.

"Mdogo wangu alipenda kuitikiwa hivyo hivyo. Nani kakufundisha?"

"Yeye mwenyewe. Mtendeli. Mama yangu alikuwa amekufa, na kibanda chetu kilikuwa nyuma ya chake. Kila asubuhi alinisimamisha mlangoni tukaamkiana. Alisema dada yake yupo nchi hii hii lakini haji... basi nimshikie nafasi."

Nikamtazama mama.

Kutoka Heru Juu mpaka Mtendeli ni safari ya basi tu. Mama hakwenda hata mara moja. Walinuniana kwa jambo la mazishi ya mama yao, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza Nadine.

"Ningesema yeye ni nani wangu? Kwako wewe ni mama mdogo, una haki ya kumlilia. Mimi nilitaka mahali paandikwe kwamba na mimi nilikuwepo. Nilipoona jina lako peke yake... shetani akanipitia."

"Usimsingizie shetani!" mama akamkata. "Jina la mwanangu umelifuta wewe, kwa vidole vyako. Lirudishe!"

"Ego, bibi, nalirudisha."

Kisha mama akamgeukia Lukmani.

"Baba, sauti ya huyu mtoto usiiondoe."

"Lakini mama!" nikapiga kelele. "Nafasi hiyo ni yako! Nimehangaika kote huku kwa ajili yako!"

"Ilikuwa yangu, Dorcas. Sikuja. Huyu alikuja."

Akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.

Nadine alisimama mbele ya watu akasema ukweli wote. Tuzo ikaenda kwa dada mmoja wa Kakonko. Sikuumia. Sikuwa na nguvu za kuumia.

Kwenye basi la kurudi Kasulu, mama alikaa katikati yetu. Alimuuliza Nadine mambo madogomadogo: mdogo wake alikuwa anakula nini kule, alikuwa anacheka, aliwahi kumtaja dada yake? Nami nikaegemeza kichwa dirishani, nikasali kimoyomoyo. Nilimwomba Mungu anipe kusamehe. Ananipa, lakini kidogokidogo. Nywila nimebadilisha.

Ndugu yangu unayesoma, ukiibiwa dai haki yako bila aibu, na aliyeiba akiri mbele za watu. Lakini kama kuna ndugu mmenuniana, na yupo mwendo wa basi tu, usidhani nafasi yako itakaa wazi ikikungoja. Atapatikana mtu wa kuitikia, na siku ukifika hutakuwa na cha kumdai.

Nenda. Anza wewe.