Baba wa Ndani ya Lupango

Jamaa wa Kampemba, na ninyi nyote wenye watoto na masomo kwa pamoja, nipeni masikio kidogo. Nitawasimulia mambo ya nyumba moja ya hapa kwetu. Sisimulii ili tumcheke mtu, ingawa kucheka mtacheka.

Jumapili moja baada ya misa, Paulin Kunda alikuwa akimwogesha binti yake Mapalo katika beseni, katikati ya lupango lao, yaani ua wa nyumba uliozungushiwa ukuta. Mtoto alikuwa na miaka miwili. Povu lilikuwa limewajaa wote wawili, na Paulin aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti mbaya hata majirani wakachungulia juu ya ukuta. Mkewe Lydie alikaa kwenye kigoda akichambua sombe, majani ya muhogo, na kutabasamu. Mtu aombe nini zaidi?

Ndipo akatoka ndani Tracy, mdogo wake Lydie, ambaye alikaa nao na kumlea mtoto mchana.

"Yaya, bwana yangu anasema nimufuate kule Mokambo," alimwambia dada yake. "Juma hii ntaenda."

Wakamfurahia, wakamkumbatia. Lakini furaha ilipopoa, swali likabaki pale pale kama maji ndani ya beseni. Lydie alikuwa mchuuzi wa Kasumbalesa, kule mpakani. Alipanda gari alfajiri, akarudi jioni. Paulin alikuwa bado akisomea kilimo chuo kikuu. Nani angebaki na Mapalo?

"Kule ku paroisse, karibu na fakulte yenu, kuko garderie ya batoto ba banafunzi," Lydie alisema. "Umupeleke kule asubuhi, mukirudi murudi pamoja."

"Nitamupeleka," Paulin akajibu.

Na kweli alikwenda kuulizia. Garderie, yaani mahali pa kulelea watoto mchana, ilikuwa katika ukumbi wa parokia. Wanafunzi wenye watoto ndio walioianzisha, na Mama Agnès ndiye aliyeiongoza. Alimpokea vizuri, akamwonyesha mikeka, vikombe, na kona ya kulalia. Kisha akamweleza sheria ya nyumba: kila mzazi hutoa alasiri moja kwa juma kuja kusaidia kulea.

"Hata sisi bababa?" Paulin aliuliza.

"Hata bababa, papa. Mutoto haulizaka nani anamupangusa pua."

Wakati huo huo Sylvain, mwanafunzi mwenzake, alipita dirishani na kundi la vijana. "Paulin, unafanya nini mu batoto?" alipiga kelele, na wenzake wakacheka.

"Natafuta katekista," Paulin akasema, akatoka bila kuaga.

Ubaya uliingia hapo, ndugu zangu, kwa mlango wa haya. Ndani ya lupango Paulin alikuwa baba kamili. Akivuka mlango wa nje, aligeuka kijana asiye na mtoto. Hakurudi tena garderie. Tracy alipoondoka, asubuhi za masomo alimpa Mapalo uji, akamwachia simu yenye katuni, akafunga mlango kwa ufunguo. Saa mbili tu, alijiambia. Lakini saa mbili za profesa mnazijua.

Jioni Lydie aliuliza habari za garderie.

"Iko muzuri. Batoto beko mingi."

"Na juu ya nini analia akiona unakamata funguo?"

"Anazipenda. Anataka kuzichezea."

Lydie akaamini. Nani asiyemwamini mume anayemwogesha mtoto huku akiimba?

Siku moja ya mvua, kazi ilisimama mpakani. Malori yalijipanga hadi macho yakachoka kuyatazama, na wachuuzi wakaambiwa warudi kesho. Lydie alinunua mfuko wa biskuti, akapanda gari la kurudi, akashukia moja kwa moja parokia. Alitaka kumshangaza binti yake, na kuwagawia wenzake pia.

"Nimefuata Mapalo," alimwambia Mama Agnès.

"Mapalo? Mama, hatuna mutoto wa jina lile."

Lydie alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akaanza kutazama nyuso za watoto, mmoja mmoja, hadi wa mwisho. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Mama Agnès hakungoja kuelezwa. Aliwaacha watoto kwa msaidizi wake, akamshika Lydie mkono, wakakimbia hadi kwenye ukumbi mkubwa wa masomo ya kilimo, alikokuwa Paulin. Profesa alikuwa akiandika ubaoni. Lydie alisimama mlangoni, tope na mvua ya Kasumbalesa bado vimo kwenye kitenge chake.

"Paulin, mutoto wangu iko wapi?"

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama. Paulin akasimama polepole.

"Iko ku nyumba."

"Na nani?"

Paulin aligeuka kutazama mvua dirishani.

"Na nani, Paulin?"

"Yeye peke yake."

Aibu aliyoikimbia kwa majuma yote yale ilimkuta pale, mbele ya kila mtu aliyemfahamu. Lakini nawaambia, hakuisikia hata kidogo. Alikuwa ameshakumbuka kitu kingine. Asubuhi, kwa sababu ya mvua, alikuwa ameingiza ndani mbabula, lile jiko la makaa, na hakuitoa. Aliruka madawati, akaacha daftari na mwavuli, na profesa mwenyewe akasogea kumpisha.

Yeye na Lydie wakapanda teksi. Walipofika langoni, harufu ya moshi iliwapokea. Lydie akamnyang'anya Paulin funguo na kufungua mwenyewe.

Mbabula ilikuwa imepinduka. Mkeka ulikuwa na shimo jeusi, kubwa kama sinia. Lakini mtoto, katika kucheza, alikuwa amemwaga ndoo nzima ya maji, na makaa yalizimikia kwenye simenti iliyolowa. Mapalo alilala nyuma ya mlango, uso umekaukiwa na machozi, kidole kimoja kimebabuka. Simu ilikuwa imezimika zamani. Alipofungua macho hakuwa na sauti ya kulia tena.

Paulin alipiga magoti ndani ya yale maji.

Lydie alimfunga mtoto kidole, akamlisha biskuti, akamsubiri atulie. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini, "Bwana, sikuulizi juu ya nini ulifanya vile. Nakuuliza: kesho utafanya nini?"

"Kesho ntamubeba ku mugongo."

Na alimbeba, jamaa zangu. Alimfunga mgongoni kwa kitenge cha mkewe, akavuka barabara yote ya chuo kikuu mchana kweupe. Vijana walipiga miluzi. Sylvain alicheka kuliko wote, akamwita "Mama Paulin", na jina likashika.

Alasiri yake ya kwanza ya zamu, kitoto kimoja kilimkojolea shati. Siku iliyofuata alikuja na shati la zamani. Aliwafundisha watoto kupanda maharage katika mikebe, akawaimbia kwa ile sauti yake, nao wakaiiga vibaya vivyo hivyo. Mapalo alizunguka akimwonyesha kidole na kuwaambia wenzake, "Ni papa yangu huyu." Hakuna profesa aliyewahi kumpa sifa iliyompendeza namna ile.

Mwezi haujaisha, asubuhi moja Sylvain alitokea mlangoni mwa garderie. Kila mkono ulishika mtoto mmoja. Mapacha. Hatukujua kwamba ana mtoto, sembuse wawili. Mama mzazi wa Sylvain ndiye aliyekuwa akiwalea kwa siri nyumbani, na sasa miguu ilimuuma.

"Paulin, fasi iko?" aliulizia nafasi ya watoto wake, akitazama chini.

"Iko. Ingia, Mama Sylvain."

Mama Agnès alicheka hadi akakaa chini.

Funzo

Wazazi wanafunzi, mtoto hakuzuii kusoma. Kumficha ndiko kunakoponza. Watu wakikucheka kwa kumbeba mtoto wako, waache wacheke, watachoka. Moto ukishaunguza hauchoki. Ninyi akina baba, ubaba hauishii langoni. Nanyi wakubwa wa shule na parokia, fungueni kumbi zenu zinazokaa tupu juma zima: mikeka michache na watu wazima wawili wenye moyo huokoa mtoto, na masomo ya mzazi wake pia.