Boksi la Bi Saumu

Sogeeni, sogeeni. Na wewe wa nyuma, acha kumfinya mwenzio.

Kidawa alikuwa na miaka sita na mapengo mawili. Aliishi Tanga na Mama na Baba. Siku moja Mjomba Shomari akamletea hamsta.

Hamsta ni mnyama mdogo, mnene kama andazi. Akipewa chakula, hali papo hapo. Anakijaza mashavuni, anakwenda kukificha. Kidawa akamwita Mashavu.

Mashavu aliwekwa kwenye boksi la viatu. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Kona ya boksi ikaisha. Mashavu hayumo!

"Kidawa!" Baba akaita. "Kiatu changu kinanitekenya!"

Mama hakucheka. "Akitoroka tena, anarudi kwa Mjomba. Sitaki mchezo."

Kidawa akataka kulia. Alimpenda Mashavu sana.

"Usilie," Baba akasema. "Mambo ya ufundi niachie mimi."

Chini ya meza ya jikoni palikuwa na boksi la plastiki. Kubwa, gumu, la buluu.

"Baba, hili la nani?"

"Limo nyumbani kwetu, litakuwa la nani?"

Mama alikuwa sokoni. Wangemngoja wakamuuliza, hadithi yetu ingeishia hapa. Hawakumngoja.

Baba akapasha msumari kwenye jiko la mkaa. Akaushika kwa koleo. "Kaa mbali, Kidawa. Huu unaunguza."

Chwiii! Tundu moja. Chwiii! Tundu la pili. Chwiii! Chwiii! Kifuniko kikawa kama chujio. Sasa Mashavu atapumua.

Kidawa akamwaga maranda ya seremala. Akaweka kopo, ndicho chumba cha kulala. Akaweka maji kwenye kifuniko cha soda. Mashavu akaingia, akajaribu ukuta.

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Wapi! Plastiki ikagoma.

"Hatoki! Hatoki!" Kidawa akarukaruka.

Hamsta hulala mchana. Basi Kidawa akalifunika boksi kwa kanga, akaenda uani kuchuma mchicha. Baba akaenda kuoga.

Mama akarudi. Hajatua hata kikapu, akasikia, "Hodi!"

"Karibu, Bi Saumu."

Bi Saumu ni jirani yao. Anapenda visheti kuliko kitu chochote. Anaogopa panya kuliko kitu chochote.

"Mama Kidawa, nimefuata boksi langu. Lile la buluu, nililowaletea biriani siku ya Idi."

Mama akaona aibu. Idi ilishapita wiki tatu! Na Mama ana sheria yake: "Kwetu, chombo cha watu hakirudi kitupu." Alisema atakaanga visheti kesho. Halafu kesho. Halafu kesho tena.

Akaingia jikoni. Lo! Boksi lile pale, limefunikwa kanga. Akalinyanyua. Zito!

"Mume wangu huyu!" Mama akatabasamu. "Kumbe kanunua visheti, kafunika, wala hakusema!"

Akalitoa nje. "Shika, Bi Saumu. Kwetu, chombo cha watu..."

"...hakirudi kitupu!" akamalizia Bi Saumu. Akalikumbatia boksi, huyoo, kwake.

Njiani boksi likasema: Kwaru! Kwaru! Kwaru!

"Mmh! Visheti vimekauka hivi!" Bi Saumu akameza mate.

Kidawa akarudi na mchicha. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Mama! Nyumba ya Mashavu iko wapi?"

"Nyumba gani?"

"Boksi la buluu!"

"Lile la visheti?"

"Hamna visheti mle, Mama. Mna Mashavu!"

Mama akashika kichwa. "Yarabi! Bi Saumu anakimbia hata picha ya panya!"

Papo hapo, kwa jirani: "Uuuwiii!"

Wakatoka mbio. Mama mbele. Kidawa katikati. Baba nyuma, na povu la sabuni kichwani.

Bi Saumu alikuwa juu ya meza, mwiko mkononi. Boksi lilikuwa wazi. Mashavu hayumo!

"Shikamoo, Bi Saumu," Kidawa akasema. Adabu ni adabu.

"Marahaba, mwanangu, PAAANYA!"

"Si panya. Ni Mashavu wangu. Usimpige, tafadhali." Machozi yakamtoka. "Nyamazeni kidogo."

Wote wakanyamaza. Kimya. Kimya.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Kidawa akachungulia kwenye kapu la karanga. Huyo hapo! Mashavu kakaa juu ya karanga, kajaza kulia, kajaza kushoto. Hata macho yalionekana kwa shida.

Bi Saumu akachungulia kutoka mezani. Mwiko ukashuka taratibu.

"Ala! Huyu anakula kama mimi harusini!"

Akacheka mpaka meza ikatikisika. Mama akacheka. Baba akacheka, povu likamwingia machoni.

Kisha Mama akakumbuka. "Lakini nilisema, akitoroka tena..."

"Mama," Kidawa akasema polepole, "hakutoroka. Umemtoa wewe."

Mama akamfuta machozi.

"Haya. Anabaki."

Bi Saumu akakigeuza kifuniko. "Matundu yote haya! Mimi nitatilia nini humu? Chukua, mwanangu, liwe nyumba yake. Ila visheti vyangu navitaka."

"Kesho," Mama akasema.

"Kesho ipi?"

"Kesho hii hii!"

Jioni, Kidawa alipanda kitandani. Boksi lake la buluu likawekwa karibu. Mashavu akaingia kwenye kopo, akaanza kutoa karanga mashavuni.

Moja. Mbili. Tatu. Nne... Kumi na moja!

"Mama! Mama, njoo uone!" Kidawa akaita. "Mashavu katoka kwa jirani, na yeye hakurudi mtupu!"

Mama akacheka, akamfunika shuka mpaka kidevuni.

Kwaru... kwaru... kwa...

Mashavu, aliyekosa usingizi mchana, akalala. Kidawa akalala. Na wewe wa nyuma, fumba macho, nimekuona.